Mkono wa Kulia wa Baba

Juzi nilipeleka simu yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na soko la Kitale. Sehemu ya kuchajia ilikuwa imelegea. Nilisimama mbele ya kimeza chake nikiwaza mambo mengine kabisa, karo ya mtoto, mvua iliyokataa kuja, mpaka alipokishika kile kichuma chake cha moto na kukigusisha kwenye waya wa risasi. Risasi ikayeyuka, moshi mwembamba ukapanda, ukaniingia puani. Nikashika ukingo wa meza.

"Mama, uko sawa?" akaniuliza.

"Niko sawa. Ni moshi tu."

Haukuwa moshi tu. Ilikuwa nyumba yetu ya mtaa wa Tuwan, mlango wazi, jua la asubuhi sakafuni, Baba ameketi kwenye kigoda na mimi nimepiga magoti mbele yake, mwaka ule ambao yeye alikuwa hana kazi na mimi, mtoto wa darasa la sita, nilikuwa nayo.

Baba alikuwa fundi. Pale mtaani hakuwa na jina jingine; hata watoto wa jirani wakitumwa kwetu walipiga hodi "kwa Fundi". Alikuwa akitunza injini za kinu cha kusaga mahindi kule Moi's Bridge, na watu walisema akiinamisha sikio kwenye injini anajua inaumwa wapi. Siku moja mkanda wa kinu ukamshika mkono wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali mkono ulikuwa umeviringishwa bendeji nyeupe kama mtoto mchanga, na bendeji ilipotolewa kulikuwa kumebaki kiganja kilichojikunja na kidole gumba, kiko peke yake, kikisogea huku na huku kama kinatafuta wenzake. Sisi watoto tulikatazwa kuangalia. Tuliangalia.

Ninachokikumbuka zaidi si kidonda, ni vifungo vya shati. Kila asubuhi, kabla Mama hajatoka na kikapu chake cha mboga, mrenda na sagaa, kwenda sokoni, alisimama mbele ya Baba akamfunga vifungo, kimoja kimoja, na Baba akaangalia juu kwenye mabati kana kwamba anakagua kama yanavuja. Nilidhani ni mapenzi yale. Pengine yalikuwa mapenzi. Lakini sasa nimempita umri aliokuwa nao wakati ule, na najua kwamba macho ya mtu mzima anayefungwa vifungo huwa yanatafuta pa kujificha.

Ukutani, juu ya redio, palikuwa na picha. Baba kijana mwembamba, kofia imeinama upande, amesimama kando ya gari ambalo sisi hatukuwahi kuona mfano wake barabarani. Lilikuwa refu na jembamba kama samaki, halina paa, halina milango, magurudumu yake yakiwa nje ya mwili kama miguu ya panzi, yenye spoku nyingi kama za baiskeli. Lilikuwa gari la mashindano la mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Endebess. Hata wakati ule lilikuwa gari la zamani. Yule mzungu alikuwa amelirithi kwa babake, na kazi ya kwanza ya Baba maishani ilikuwa kulifuta vumbi, kisha kulifungua, kisha kulielewa. Mzungu aliuza shamba akaenda zake, na gari likaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Katika ile picha mkono wa kulia wa Baba umelala juu ya boneti, vidole vyote vimetandazwa.

Basi kanisani kwetu zikaja habari kwamba kuna chuo cha ufundi kimefunguliwa Bungoma na kinatafuta mwalimu wa kazi za bati na chuma. Baba akavaa koti lake akaenda. Bungoma ndiko kwetu, ndiko kuliko shamba la babu na makaburi ya wazee, kwa hiyo aliondoka kama mtu anayekwenda nyumbani. Jioni alirudi, akaketi bila kuvua koti.

"Walisema nini?" Mama akauliza.

"Mkuu wa chuo ni mtu mzuri. Alinipa chai. Ati mwalimu wa ufundi lazima aonyeshe kwa mkono. Ati mimi nitaonyesha na nini."

"Na wewe ukasema?"

"Nikamwambia anipe muda mpaka shule zifunguliwe mwaka ujao. Nitamletea kazi ya mkono wangu. Aione, ndio aamue."

Mama aliutazama ule mkono, halafu akaitazama sufuria. Baba alikuwa anaitazama picha.

Alianza na kaka yangu, Wafula. Wafula alikuwa mkubwa wangu, na ndiye ambaye kila mtu alijua atakuwa fundi baada ya Baba. Wazazi wenyewe waliitana kwa jina lake, Baba Wafula, Mama Wafula. Lakini Wafula alishika mkasi wa bati kama anakata sukuma wiki. Akaharibu bati la kwanza, akaharibu la pili, na kwa lile lililofuata Baba akamzaba kofi kwa mkono wa kushoto. Wafula akaenda zake uwanjani kucheza mpira. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga. Baba akaniangalia, akaangalia vidole vyangu vikitenganisha majani na vijiti, akasema, "Nekesa, nawa mikono uje hapa."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nyinyi wa rika langu mliosukuma magari ya waya barabarani, yenye magurudumu ya vifuniko vya soda, mnaijua raha yake. Hili letu halikuwa la aina hiyo. Baba alitaka gari lilelile la kwenye picha, lililopungua tu. Palipokuwa na inchi kumi kwenye gari la kweli, kwetu pawe na inchi moja, na hivyo hivyo kuanzia pua mpaka mkia, bila kitu hata kimoja cha kununua kikiwa tayari.

Shida ilikuwa vipimo. Gari lenyewe halikuwepo tena, na picha haisemi urefu. Kwa hiyo tulilitafuta gari katika mwili wa Baba. Alisimama katikati ya chumba akafumba macho. "Boneti ilinifika hapa," akasema, akagusa chini kidogo ya mkanda wa suruali, nami nikapima kutoka sakafuni mpaka pale kwa ukanda wa kupimia tulioazima kwa mshonaji. "Gurudumu lilinifika hapa." Nikapima paja. "Nikikaa kwenye kiti, usukani ulinigusa hapa." Nikapima kifua, na nikausikia moyo wake ukigonga chini ya kidole changu. Sikuwa nimewahi kumgusa Baba namna ile. Baba zetu hawakukumbatia mabinti. Lakini siku ile nilimpima kuanzia visigino mpaka kidevu, nikagawanya kwa kumi, nikamsomea hesabu, naye akafumbua macho akasema, "Ndilo hilo."

Kwanza nilichonga umbo lake kwa kipande cha mti wa saiprasi, siku nenda siku rudi, kisu na msasa, Baba akipitisha kidole gumba juu ya mti na kuniambia, "Hapa bado kuna tumbo." Kisha nikapasua mikebe ya mafuta ya kupikia, nikailaza bati yake juu ya lile umbo na kuigonga kwa nyundo ndogo niliyoivika ngozi ili isiache makovu. Bati haipendi kukunjwa pande mbili kwa mara moja. Ukiilazimisha inapasuka, na kabla ya kupasuka inalia, mlio mwembamba unaosikia kwenye meno.

"Usiipige, ibembeleze," Baba alikuwa akisema. "Ikilia, umeshaharibu."

Magurudumu ndiyo yaliyonitoa jasho. Rimu niliizungusha kwa waya mnene kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Spoku zilitoka kwenye waya wa umeme, nyuzi za shaba nyembamba kama nywele za mahindi, kila moja ishikizwe kwa tone la risasi juu na chini. Matairi nilikata kwenye ndara kuukuu, nikayasugua yakawa duara. Wavu wa dirisha ukawa uso wa rejeta. Mkanda wa mkoba wa Mama uliokatika ukawa ule ukanda wa ngozi unaofunga boneti isifunguke kwa upepo. Nilijifunza kufanya kazi huku sauti yake ikiwa begani mwangu, "Punguza, punguza, hapo, usipumue," mpaka wakati mwingine sikujua tena kama ni yeye amefikiri au ni mimi.

Chuma cha kuchomelea tulikipasha kwenye jiko la makaa, na siku moja kiliteleza kikanilalia hapa, kwenye kidole cha shahada. Alama bado ipo. Nilipiga yowe. Baba akanishika, akakitumbukiza kidole changu kwenye kikombe cha maji na kukishikilia humo kwa mkono wake wa kushoto, muda mrefu, hata maumivu yakaanza kupoa. Sikutaka akiachilie. Niliegemea goti lake.

"Kitapona kabla ya Jumatatu?" akaniuliza taratibu. "Magurudumu ya nyuma bado."

Nikasema kitapona. Nilisikia huruma katika swali lile. Niliitunza huruma ile kwa miaka.

Wageni walipofika, wazee wa kanisa au jirani waliokuja kumpa pole, Baba aliinua kile tulichokuwa tumefikia, akanionyesha kwa kidevu, akasema, "Huyu ndio mkono wangu wa kulia, bana." Wakacheka, wakatikisa vichwa. Mimi nilivimba kwa fahari. Nilijirudia maneno yale nikienda bombani kuteka maji, nikiwa nimelala, nikiwa darasani. Nilikuwa nimeshaamua maana yake: kati yangu na Wafula, mimi ndiye niliyechaguliwa. Na nilikuwa na ujinga mwingine ambao sikumwambia mtu. Nilidhani gari dogo ni kama mbegu. Niliamini tukilimaliza tutaanza lile kubwa, kwa hesabu zilezile nikizidisha kwa kumi, na nitaketi kando ya Baba upepo ukitupiga usoni mpaka Bungoma.

Mama peke yake ndiye hakufurahi. Shuleni nilikuwa nakwenda siku ambazo Baba hakunihitaji, na siku hizo zilizidi kupungua.

"Baba Wafula, mtoto ana mtihani wiki hii," akasema asubuhi moja, kikapu kikiwa tayari kichwani.

"Mtihani uko kila mwaka."

"Na hilo gari?"

"Mama Wafula, nikipata hiyo kazi, si ni nyinyi mtakula?"

Mama alikishusha kikapu. Sikuwa nimewahi kumwona akikishusha kikapu akishakipandisha. "Mtoto si koleo," akasema. "Huwezi kumtoa kwenye sanduku ukimtaka, ukimaliza unamrudisha."

Baba akanigeukia mimi. "Nekesa, wewe unataka kwenda?"

Nikasema sitaki. Nikamwona Mama akinitazama, na nikafikiri, anaona wivu. Mtoto wa darasa la sita, nikamhukumu mama yangu kwamba ananionea wivu kwa sababu mimi ndiye mkono. Mtihani nikaukosa. Mwaka uliofuata wenzangu walivuka, mimi nikabaki na watoto walionifika kifuani.

Siku tuliyomaliza, nilimuuliza gari lilikuwa na rangi gani, maana picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. "Kijani," akasema. "Kijani cha majani ya chai." Tulipopaka na rangi ikakauka, nililiweka mezani. Baba akapiga magoti mpaka macho yake yakalingana na magurudumu, akafumba jicho moja, akaliangalia kutoka puani kwenda nyuma. Muda mrefu. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta. Akaweka kile kiganja chake kilichojikunja juu ya boneti, palepale kilipokuwa kwenye picha. Nilisimama karibu naye, karibu kabisa, kichwa changu usawa wa bega lake, kama ingetokea akautafutia mkono mahali pengine pa kukaa.

Bungoma tulikwenda wawili, gari likiwa kwenye katoni, limefungwa shuka. Nililipakata njia nzima. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani, na alikuwa amewaita walimu wawili waje kushuhudia. Nililitoa gari kwenye shuka, nikaliweka mezani pake, nikarudi kwenye benchi karibu na mlango. Walilizunguka. Mmoja alilisukuma kwa kidole na magurudumu yakazunguka bila kuyumba. Nilikuwa nimeyasawazisha yale magurudumu kwa wiki.

"Fundi," mkuu wa chuo akasema, "hii gali umetengeneza wewe mwenyewe?" Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, r na l zilibadilishana nafasi mdomoni mwake kama zinavyobadilishana midomoni mwa shangazi zangu.

Baba alikuwa amesimama, mkono mfukoni. Nilijinyoosha pale kwenye benchi. Nilijua sasa atageuka, atanionyesha kwa kidevu, atasema neno lake. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mimi mwenyewe," Baba akasema.

"Na huo mkono?"

"Na huu mkono." Akautoa mfukoni, akauweka mezani kando ya gari wauone.

Mwalimu mmoja akasema, "Ee Mungu wangu." Mkuu wa chuo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama kuziangalia spoku. "Hii itakaa ofisini," akasema. "Mwanafunzi akiniambia hawezi, namwonyesha hii." Akampa Baba mkono, akamshika kile kiganja bila kusita, na hilo nampa heshima yake. Halafu akaniona. "Na huyu?"

"Binti yangu," Baba akasema. "Amenisaidia kubeba."

"Asante kwa kubeba, mama," mkuu wa chuo akaniambia, akafungua droo yake, akanipa peremende.

Tulipotoka Baba alikuwa anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu ajali. Aliniingiza kwenye hoteli ndogo, akaniagizia soda na mandazi, na yeye chai, na aliinywa kwa mkono wa kushoto bila kumwaga hata tone. Nilingoja mpaka alipoweka kikombe chini.

"Baba, mbona hukuwaambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. Hakuwa na hasira. Hakuwa na aibu. Ningepata kimoja kati ya hivyo viwili, nadhani ningemsamehe mapema. "Nekesa, si wewe ni mkono wangu?" akasema kwa upole. "Mkono ukifanya kazi, nani amefanya? Kunywa soda yako."

Nilikunywa soda yangu. Na nikiwa nimeshikilia ile chupa baridi nikaelewa kile alichokuwa akisema mbele ya wageni miezi yote ile. Hakuwa akinisifu. Alikuwa akiwaeleza tu. Mkono hauambiwi asante; ukimaliza kazi unanawishwa.

Kazi aliipata. Akahamia Bungoma, akawa anakuja Kitale mwisho wa mwezi na mkate na sukari, na Mama akapunguza kubeba kikapu. Sitasema uongo, tulikula vizuri zaidi. Muhula wa chuo ulipofunguliwa alimchukua Wafula awe mwanafunzi, Wafula yule aliyekata bati kama sukuma wiki. Nilimfuata Baba nje alipokuwa anafunga mizigo.

"Na mimi, Baba?"

"Wewe utafanya nini na nyundo?" Akacheka, akidhani natania. "Na nani atamsaidia mama yako sokoni?"

Alikuwa na darasa zima la mikono kule. Sanduku la vifaa alilibeba lote. Jioni ile nilipiga magoti nikatazama chini ya kitanda mahali lilipokuwa, nikitumaini ameniachia hata tupa. Palikuwa na mstatili safi sakafuni, vumbi pande zote.

Wafula hakuwa fundi. Anaendesha trekta ya miwa, na ni mtu mwema, na ana watoto wengi. Mimi nauza nguo za mitumba pale Kitale. Sijawahi tena kushika chuma cha kuchomelea. Mtu anaweza kuniuliza, kwani ni nani aliyenizuia? Nimejiuliza. Jibu pekee nililo nalo ni kwamba kila nilipofikiria kuanza, nilisikia ile sauti begani, "Punguza, hapo, usipumue," na sikuwa na hakika kwamba bila hiyo sauti kuna mtu humu ndani. Na uchungu wenyewe ni huu: sijawahi kuwa na furaha kama mwaka ule. Nimeolewa, nimezaa, nimecheka na watu. Lakini ule ukaribu wa kupima moyo wa mtu kwa ukanda wa mshonaji sijaupata tena.

Mara moja tu nilimgusia Mama. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, tuko jikoni. Akasema, "Babako alikuwa mtu aliyekatwa, Nekesa. Mtu aliyekatwa hushika chochote kilicho karibu."

"Na mimi niliyeshikwa?"

Mama aliendelea kuchambua mboga. Baadaye sana akasema, "Nilijaribu," na hiyo nayo ni kweli.

Tulimzika Baba mwaka juzi, nyumbani Bungoma. Chuo kilileta basi zima la wanafunzi, na kikaleta gari. Waliliweka kwenye meza yenye kitambaa cheupe, mbele ya jeneza. Mkuu wa chuo wa sasa, ambaye ni kijana na hakumjua Baba akiwa na nguvu zake, alishika kipaza sauti akawaambia waombolezaji kwamba mtu huyu, akiwa amepoteza mkono wa kulia, alijenga gari hili peke yake katika chumba kimoja huko Kitale, na kwamba kila fundi aliyetoka chuoni kwao ni mtoto wake. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo kwa kawaida halifanywi matangani kwetu. Wafula alikuwa ameketi upande wa pili wa hema. Alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Mama alinishika goti, akalibana. "Leo tumzike tu," akaninong'oneza. "Tumzike tu, mwanangu."

Tukamzika.

Watu walipokwenda kupakuliwa chakula, nilikwenda kwenye meza. Rangi ilikuwa imebabuka puani na mkanda wa boneti umekatika. Nililiinua. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikayazungusha magurudumu kwa kidole, moja baada ya jingine, na matatu yalizunguka vizuri. La nne, la nyuma upande wa kulia, liliyumba. Spoku zake zilikuwa zimevunjika zikaunganishwa tena, na risasi imerundikwa juu yake mabongemabonge, kama ubani uliotafunwa.

"Mama, tafadhali usiguse. Hiyo ni ya Mwalimu."

Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba, amevaa koti la buluu la karakana. Siku hizi wanachukua wasichana.

"Naangalia tu hili gurudumu," nikasema. "Nani alilichomelea hivi?"

"Ni Mwalimu mwenyewe. Lilianguka kitambo. Wanafunzi walitaka kumsaidia akakataa, ati hakuna mtu ataweka mkono kwa hiyo gari. Alikaa nayo karakana siku mingi sana." Akashusha sauti, kwa heshima ya mahali tulipokuwa. "Wakati huo alikuwa ameshazeeka. Lakini akiwa na nguvu aliitengeneza yote peke yake. Alikuwa anashika bati na miguu, na waya anashika na meno."

"Alikuambia yeye mwenyewe?"

"Alikuwa anatuambia kila mwaka, tukiingia."

Nililitazama lile gurudumu. Kila bonge la risasi lilikuwa na alama ya mahali alipojaribu, akakosa, akajaribu tena. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuiona kazi ya mkono wa baba yangu. Sasa nilikuwa nimeishika.

"Na wewe, spoku unaziweza?" nikamuuliza msichana.

"Najaribu. Zinanikatikia."

"Pasha waya kwanza, usipashe risasi. Waya ukishika moto, risasi itaufuata yenyewe."

Alinitazama upya, kuanzia leso ya kichwani mpaka viatu. "Kwani mama ni fundi?"

Nyuma yake niliwaona watu wamepanga foleni na sahani, Wafula akimbebea Mama chakula, wanafunzi wakicheka kidogo kidogo kama vijana wanavyocheka matangani wakishashiba. Ukweli ulikuwa kitu cha kusema kwa maneno mawili.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nauza mitumba."

Alilipokea gari kutoka kwangu kwa mikono yote miwili, kwa adabu, akalirudisha mezani, akaligeuza pua yake ielekee watu.